Bahari Bado Mbichi

Siku ya safari ya fundi Chumvi, Brashi alipoamka tu, kabla hata hajanawa uso, aliigusa bahari kwa ncha ya kidole. Ilikuwa bado mbichi. Alikitazama kidole kilivyogeuka buluu, akakifuta kwenye tambara, na bila haya yoyote akafurahi.

Furaha hiyo haikufika mbali. Mtu yeyote aliyewahi kushika rangi za mafuta anajua kwamba hazina haraka, lakini anajua pia namna ya kuziharakisha: unazipaka nyembamba, unazipunguza kwa tapentaini, unaacha dirisha wazi. Brashi aliyajua hayo kuliko anavyojua njia ya sokoni. Picha hii, hata hivyo, aliipaka nene kama siagi. Kila jioni aliongeza mafuta ya kitani yanayokawiza rangi kukauka, tapentaini hakuigusa, na dirisha akalifunga. Alijidanganya kwamba mawimbi yanataka unene. Ukweli ni kwamba Chumvi alisema hataondoka bila picha ile, na yeye akahakikisha haibebeki.

Majina hayo walipewa na mtaa. Yeye aliitwa Brashi kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila brashi, iwe mkononi au kwenye nywele. Chumvi naye alifika na randa yake, akafungua kibanda cha kutengeneza fremu, na tangu siku hiyo kila neno lake lilianzia baharini na kuishia baharini. Ukimwuliza bei ya fremu, kwanza atakusimulia jinsi mbao zinavyoliwa na hewa ya chumvi kwao. Mji huu ulikuwa mbali sana na pwani, na watu wake maji makubwa waliyoyajua ni ya mto, tena wakati wa mvua.

Walikutana kwa sababu ya meno. Daktari mmoja wa meno alitaka picha ya bahari kwenye chumba cha kungojea, ili wagonjwa wake watulie kabla hawajafungua vinywa. Brashi, ambaye hajawahi kuiona bahari, aliichora kwa kubuni, akaipeleka kibandani kuwekewa fremu. Chumvi aliitazama, akakuna kidevu.

"Dada, hili ni bwawa," alisema.

"Basi niambie wewe bahari ikoje."

Akaanza kumwambia, na mwaka ukapita hajamaliza. Chumvi alipiga msasa, Brashi alikaa juu ya kigogo akisikiliza huku macho ameyafumba, akiuliza wimbi huvunjika kuanzia wapi, na mawe yaliyolowa huwa meusi au huwa kijani. Siku ya pili aliyachora yote kutoka kichwani, akamletea, naye akasahihisha. Mapenzi yaliwaingia hapo katikati, na hakuna aliyeyasahihisha.

"Umeamka?" Sauti ya mama yake ilivuka pazia pamoja na mlio wa cherehani.

"Nimeamka, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Usivuke na mikono hiyo."

Ilikuwa nyumba ndogo yenye sheria moja kubwa. Chumba cha mbele kilikuwa cha mama na cherehani yake, maana alishona sare nyeupe za wauguzi. Chumba cha nyuma kilikuwa cha Brashi na rangi zake. Katikati lilining'inia pazia, na rangi haikuruhusiwa kulivuka. Mama alijigamba kwa wateja kwamba tangu binti yake aanze kuchora, hakuna hata doa moja lililowahi kupita. Brashi alinawa kwa mafuta ya taa, akanawa tena kwa sabuni, akakagua kucha zake, ndipo akavuka.

Mama hakuinua macho. "Kijana anaondoka leo."

"Anaondoka."

"Shati lake nimeligeuza kola, lipo pale kwenye kiti. Ujira sitaki, mwambie ni zawadi ya njia."

"Utamwambia mwenyewe, mama. Atapita."

"Na wewe utamwambia nini?"

"Nitamwambia safari njema."

Mama alikata uzi kwa meno. "Mapenzi ni kikohozi, mwanangu. Mwaka mzima unakohoa nyuma ya pazia hilo, unadhani mimi kiziwi?"

Brashi alijishughulisha kukunja shati ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Lilinukia pasi na, chini ya pasi, vumbi la mbao. Akaliweka chini haraka.

"Sina neno baya juu yake," mama aliendelea. "Ana adabu, ana kazi ya mikono, hanywi, na akicheka anacheka pamoja na sisi, si kutucheka. Kama angekuwa wa mtaa wa pili, ningeshamwuliza anangoja nini. Lakini kwao ni siku mbili za njia."

"Najua, mama."

"Hujui. Anayejua ni mimi niliyeolewa mbali. Baba yako, Mungu amrehemu, sina la kumlaumu, alinitunza mpaka mwisho. Lakini mama yangu aliugua, na habari zikanifikia ameshazikwa. Nilifika nikakuta udongo wa kaburi umekauka." Alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Hakuwahi kuona ninapolala. Hakujua dirisha langu linatazama wapi. Kila siku alinifikiria nipo mahali fulani, na mahali penyewe alipabuni tu. Ndiyo maana nikaapa kwamba wangu hataenda mbali. Nikakwambia, ukaniahidi."

"Nilikuwa mtoto."

"Lakini uliniahidi."

"Nilikuahidi, mama."

"Basi. Sikufungi kamba, nakukumbusha tu." Na gurudumu likazunguka tena.

Brashi alirudi nyuma ya pazia, akaketi mbele ya picha. Alimtaka Chumvi. Alimtaka kwa namna ambayo ilimfanya ashindwe kula, yeye ambaye hata homa haikuwahi kumnyima chakula. Alitaka kuamka na kusikia randa ikikwaruza chumba cha pili. Alitaka kugombana naye kuhusu nani ameacha mlango wazi. Na upande wa pili wa pazia palikuwa na mwanamke mmoja ambaye hakuwa na mtoto mwingine duniani.

Jua lilikuwa limeshapanda paa la jirani aliposikia hodi.

"Karibu, fundi," mama alisema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mizigo umefunga?"

"Mizigo yenyewe ni randa, msumeno na nguo mbili, mama. Inafungwa mtu akiwa anapiga miayo. Nimemletea dada fremu yake."

"Pita. Ila usinikwaruzie pazia na hizo kona."

Mbele ya mama alimwita dada. Nyuma ya pazia alimwita Brashi, kwa sauti ya chini, kana kwamba jina lenyewe bado linanata gundi. Alisimama na fremu begani, mrefu, vumbi la mbao kwenye nyusi, akamtazama kwanza yeye. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko mtu anavyomtazama mteja. Kisha akageuka kutazama picha.

Ilikuwa ghuba ya kwao Chumvi, muda wa kati ya asubuhi na mchana, maji yakiwa kijani kama chupa karibu na mchanga na buluu nzito huko mbali. Mawe meusi yalikuwa na ndevu za mwani. Kulikuwa na gati la mbao lililokosa ubao mmoja katikati, na ngazi za mawe zilizopanda mpaka kwenye nyumba iliyopakwa chokaa.

"Ndipo penyewe," alisema. "Hata ule ubao umeuacha."

"Uliniambia ulitumbukia hapo."

"Nikapoteza kiatu kimoja. Mzee alinichapa kwa kile kilichobaki."

Brashi alicheka, na kicheko kikamkatikia katikati. "Sasa unaenda kupaona penyewe. Picha ya nini tena?"

"Hapako hivi tena. Gati limebomolewa. Kwenye mawe wamejenga ukuta. Ninakokwenda nitakuta nyumba na mzee wangu, basi. Hii ghuba imebaki kichwani mwangu na mkononi mwako, Brashi, kwingine haipo." Alisogea karibu zaidi, akainamisha kichwa. "Huyu ni nani?"

"Nani?"

"Huyu wa dirishani."

"Hapo palikuwa patupu, jicho linateleza. Mchoraji ana ruhusa ya kuongeza kitu."

"Mimi sikukwambia habari za mtu dirishani."

"Hukuniambia."

"Amevaa gauni la njano."

"Njano huvuta jicho."

"Na anatazama nini?"

Brashi alisokota tambara lake mpaka likawa kamba. "Gatini. Anamwangalia mtu fulani apite, asije akatumbukia tena."

Chumvi aliinua mkono, na badala ya kumshika yeye, aligusa pembe ya chini ya picha, pale penye maji. Kidole kikarudi na buluu. Alikitazama kama fundi anavyotazama ubao uliomdanganya.

"Hii ni mbichi."

"Kidogo."

"Si kidogo. Picha nyingine ulizonipa kuwekea fremu zilikuwa zimeshakauka, na ulizianza baadaye sana. Hii umeitia nini?" Macho yake yalitembea mezani, yakakuta chupa ya mafuta ya kitani imebaki matone, na ya tapentaini imejaa mpaka shingoni, kifuniko hakijaguswa. Alikuwa amekaa na mchoraji mwaka mzima, hakuhitaji kuelezwa. "Brashi."

"Ulisema huondoki bila picha."

"Nilisema."

"Basi ndiyo hivyo."

Alikaa kwenye kile kiti kibovu ambacho huwa hakikaliwi na mtu, na kiti kikamvumilia. Alijipaka buluu kwenye paji la uso bila kujua.

"Mzee haoni tena," alisema. "Anapima mbao kwa kupapasa. Juzi msumeno umemla kidole. Isingekuwa yeye, ningekaa hapa mpaka hii ikauke, halafu ningekuomba uchore nyingine, nayo uitie mafuta zaidi."

"Najua."

"Twende wote."

Alilisema kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa. Kule mbele cherehani ilikuwa imenyamaza, na Brashi hakukumbuka imenyamaza tangu lini.

"Siwezi," alinong'ona.

"Hutaki?"

"Ningekuwa sitaki, hiyo bahari ingeshakauka zamani."

"Basi niache nizungumze na mama."

"Atakukatalia kwa adabu, na wewe utamshukuru kwa adabu, halafu mimi nitabaki na watu wawili walioumia badala ya mmoja. Nilimwahidi, Chumvi. Hana mwingine."

Alitikisa kichwa polepole, akikubali jambo ambalo hakulitaka. "Mtoto wa mtu siibi. Nikikuchukua huku yeye analia, kwenye hilo dirisha utasimama na machozi kila siku, na mimi nitakuwa sababu."

Aliinuka, akaishika fremu kuizunguka picha bila kuigusa. Kona nne zilikaa sawasawa, huwezi kupitisha hata unywele. Walisimama hivyo, yeye ameshika kwa kulia na kushoto, Brashi katikati ya mikono yake na picha, na kwa muda mfupi mashavu yao yalikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi. Kisha akaiegemeza fremu ukutani.

"Usiivalishe kabla haijakauka. Itagandamana na mbao, huwezi kuitoa tena."

"Sitaivalisha."

Walipotoka mbele, mama alikuwa ameketi wima, sindano iko juu ya kitambaa na uzi haujatiwa. Chumvi aliinama kupokea shati.

"Ahsante mama. Hata mjini huko hakuna anayegeuza kola ikawa hivi."

"Livae ukifika, usilivae njiani, litajaa vumbi. Msalimie mzee. Mwambie amelea." Halafu, bila kumtazama binti yake: "Msindikize mgeni mpaka stendi. Si vizuri mtu aondoke peke yake kama aliyefukuzwa."

Njiani walizungumza habari za kibanda, nani atakichukua na kama paa litahimili mvua. Ndivyo watu wanavyofanya wakiwa na jambo moja tu la kusema. Stendi ilikuwa imejaa wauza maji na watu waliokumbatia magunia. Basi lilikuwa limeshawashwa.

"Kidole hukukifuta," Brashi alisema.

"Sikukifuta. Kwa mafuta uliyotia, nitafika nacho." Alijaribu kutabasamu. "Ikikauka, muuzie daktari wa meno. Angalau safari hii wagonjwa wake wataona bahari."

"Siuzi."

"Basi itunze. Ukiitazama asubuhi, ujue kuna mtu yupo hapo gatini anaangalia juu."

Alipanda. Dirishani aliinua kidole chake cha buluu, akakibandika kwenye kioo. Basi lilipogeuka kona, Brashi alibaki amesimama na mkono hewani mpaka muuza maji mmoja akadhani anamwita yeye, akaja mbio na chupa. Aliinunua. Hakuwa na nguvu ya kueleza.

Alirudi kwa njia ndefu. Alipoingia, cherehani ilikuwa inalia kwa kasi kuliko kawaida, na mama alikuwa ameinamia sare kama mtu aliyechelewa kazi. Brashi aliketi kwenye kiti lilipokuwa shati. Hakulia. Alilitazama tu gurudumu likizunguka, kisha akaitazama sare, halafu akasimama.

Kwenye kola nyeupe, chini kidogo ya sindano, palikuwa na alama ya kidole gumba. Ilikuwa ya njano.

"Mama. Kola ina rangi."

"Nimeiona."

"Imevuka pazia."

"Nimekwambia nimeiona. Nitalipia kitambaa cha watu, hayo yangu."

Brashi alilisogeza pazia, akaenda mpaka kwenye picha. Njano ilikuwa mahali pamoja tu katika ghuba nzima. Katikati ya gauni la yule msichana wa dirishani rangi ilikuwa imebonyea, na ndani yake mistari ya kidole ilionekana wazi, mistari ya mtu aliyegusa taratibu, akakaa na kidole hapo, halafu akakiondoa.

Nyuma yake pazia lilisogea. Brashi hakuwahi kumwona mama akiingia chumba hiki na vazi lake la kazi, lakini sasa aliingia, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Gauni hilo umelichora vibaya," alisema. "Kiuno kipana, bega limeanguka. Utadhani nyumbani kwenu hakuna fundi."

"Nilibuni tu, mama."

"Kubuni ndiko kulikomuua mama yangu kwa hamu." Alisogea, akasimama begani kwa binti yake, akaitazama ile nyumba ya chokaa kwa macho ya mtu anayekagua pindo. "Kumbe dirisha linatazama majini."

"Ndivyo alivyoniambia."

"Na jua la asubuhi linaingia?"

"Linaingia mpaka kitandani, anasema."

Mkono wa mama ulikuwa umeshika ncha ya tepu na kuizungusha kwenye kidole, ukaifungua, ukaizungusha tena. "Nilisikia yote. Pazia ni kitambaa, si ukuta. Nilikuwa nangoja nisikie akikushawishi unikimbie. Nilikuwa nimeshayaandaa maneno ya kumtoa humu mbio. Badala yake nikamsikia anasema haibi." Alivuta pumzi. "Itakauka lini?"

"Sijui. Wiki nyingi. Nilizidisha mafuta."

"Najua ulizidisha, nyumba nzima inanuka. Ikikauka itapelekwaje?"

"Labda nimtafute mtu wa kuituma, kwenye basi..."

"Kitu kama hiki hakitumwi, kitavunjwa. Anakipeleka mwenyewe aliyekichora, akiwa amevaa gauni linalomkaa kiunoni." Aliivuta tepu shingoni, akaizungusha kiunoni mwa binti yake, akaikaza kuliko ilivyohitajika, na hakuiachia upesi.

"Mama, na ahadi?"

"Uliniahidi mimi. Mimi ndiye ninayekurudishia."

"Utabaki na nani?"

Mama alijifuta macho kwa kidole gumba, akaacha mstari wa njano shavuni, kisha akanyoosha kidole kwenye picha, mbele ya mlango wa ile nyumba, pale juu ya ngazi ambapo Brashi hakuwa amechora kitu.

"Umesema bado ni mbichi?"

"Bado, mama."

"Kwa hiyo mtu bado anaweza kuongezwa."

Brashi aliitikia kwa kichwa.

"Basi niweke hapo mlangoni," mama alisema, akivuta kile kiti kibovu na kuketi wima, mikono magotini, tayari kuchorwa. "Nimekuja kukutembelea. Na cherehani yangu iwepo."